Matembezi ya Mwenye Eda

Rehema, mdogo wangu, ameniletea vitumbua leo asubuhi. Aliviweka kwenye kigoda karibu na mlango, akafunua kawa, na hata kabla sijaviona nilijua vimeumuliwa kwa tembo la mnazi, si kwa hamira ya dukani. Ile harufu huwezi kuikosea: utamu unatangulia, kisha uchachu unafuata nyuma yake kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Nilikula kimoja. Cha pili nilikishika tu mkononi mpaka kikapoa.

"Huvitaki?" aliniuliza.

"Navitaka. Niache kidogo."

Akaenda uani kuosha vyombo, nami nikabaki na kitumbua changu.

Nimekaa eda. Mume wangu amefariki, Mungu amrehemu, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Nina chumba, ukumbi na ua. Nina dirisha lenye pazia linalovimba upepo ukija na kunasa kwenye nondo upepo ukirudi. Nimelitazama pazia hilo kwa muda sasa bila kufikiri kitu, lakini leo, kwa sababu ya kitumbua, nimekumbuka pazia jingine, la maua ya kahawia, katika nyumba ya baba yetu Kiwalani, na mwanamke aliyekaa nyuma yake. Eda ile haikuwa yangu, ila niliikaa naye.

Mama yetu alifariki alipomzaa Rehema. Mimi ndiye mkubwa, Hamisi ananifuata. Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikaa peke yake mpaka Rehema akaanza kutembea, ndipo akamwoa Zaituni, binti wa Kisarawe, ambaye alikuwa bado kijana kiasi kwamba wageni waliuliza kama ni dada yetu. Tukamwita Mama Mdogo. Alikuwa mrefu, mwenye hatua za kiume, na hakuwa na subira na chombo chochote cha usafiri. Sokoni alikwenda kwa miguu, kliniki kwa miguu, msibani kwa miguu. Ukimwambia mbali, alicheka. "Mbali ni pale usipopajua," alikuwa akisema.

Baba yake alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, akagema tembo, akawauzia wanywaji wa Kisarawe na wapika vitumbua wa mjini. Jambo hili kaka yake baba, Baba Mkubwa, hakulimeza kamwe. Alikuwa mwenye duka, mwenye kanzu isiyojua doa, na sauti iliyotoka kifuani hata alipokuwa akiomba chumvi. "Ndugu yangu kaenda kuoa kwenye pombe," alisema mbele za watu. Lakini akija kwetu, na sahani ya vitumbua ikiwekwa mbele yake, vitumbua vilivyoumuka kwa tembo lile lile la mkwe wa nduguye, alivila mpaka akalamba vidole. Mama Mdogo alikuwa akiinama kama anayetafuta kitu sakafuni, kumbe anaficha kicheko.

Baba aliugua kifua. Sitayaeleza, wenzangu mliofiwa mnayajua. Watu walijaa, wakasoma, wakala, wakakunja mikeka, na nyumba ikabaki na ukimya wa ajabu, kwa maana hakukuwa tena na sauti ya randa uani.

Siku ya khitma nilikuwa ukumbini nikikusanya sahani. Baba Mkubwa alisimama mbele ya mlango wa chumba, akazungumza na pazia.

"Shemeji, kaa eda yako kwa utulivu. Ukitoka, utarudi kwenu. Nyumba hii ni ya ukoo. Na watoto tutawagawa, kila mmoja atajua pa kukaa."

Nyuma ya pazia sauti ndogo ikajibu, "Nimesikia, shemeji."

Mimi nami nilisikia, ila nilisikia kwa masikio ya mtoto. Neno lililonibakia ni lile moja: ukitoka. Nikaelewa kwamba eda ndiyo iliyotushikilia pamoja. Niliiona kama komeo. Maadamu Mama Mdogo yumo ndani, Hamisi na Rehema nao wapo, na Rehema analala mgongoni kwangu kama alivyolala tangu mama afariki. Siku komeo litakapofunguka, sote tutamwagika.

Mtu wa kutoka nje alihitajika, wa kwenda sokoni, bombani na kwa fundi cherehani. Nilikuwa darasa la sita. "Kwa muda tu," Baba Mkubwa alisema. Sketi yangu ya shule ya bluu ikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ilikaa pale mpaka ikaja kumtosha Rehema.

Siku za mwanzo Mama Mdogo alitembea chumbani. Kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kabatini, amejifunga shuka lake jeupe, miguu peku, hatua ndefu katika chumba kifupi. Aligonga goti kwenye ukingo wa kitanda mara nyingi hata pakawa na alama. Nyie mliokulia Kiwalani mnakumbuka ndege zinavyopita chini, bati linavyotetema na vikombe kugongana kabatini. Siku moja ndege ilipita, Rehema akaangalia juu na kuuliza, "Na wale wamekaa eda?"

"Kina nani?"

"Wale waliofungiwa mle ndani."

Mama Mdogo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akajiziba mdomo haraka, akatazama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani.

Ijumaa ya wiki ile alituita sote watatu, akatukalisha mkekani.

"Kesho mtakwenda kunitembelea kwetu."

"Kumsalimia Babu?" nikauliza.

"Kumsalimia, ndiyo. Lakini zaidi nataka mtembee. Mtembee kama ningetembea mie, kisha mrudi mnihadithie."

"Si Babu aje yeye?" alisema Hamisi. "Yeye ni baba yako, anaruhusiwa kukuona."

"Mnazi haumpi ruhusa. Usipochongwa asubuhi na jioni unanuna, tembo linakata. Baba yangu hajalala nje ya Kisarawe tangu nizaliwe."

Akatuchorea njia kwa kidole sakafuni. Tupande treni hadi Pugu. Tukishuka, tusiifuate barabara ya magari. Nyuma ya stesheni kuna kijia kinachopanda katikati ya mihogo. Tutafika kwenye machimbo ya udongo mweupe, hapo tuangalie miguu. Kisha msitu, kisha mgongo wa kilima ambapo mji wote unaonekana, kisha bonde, na bonde hilo likijaa minazi tujue tumefika. "Mtoto yeyote anapita," alisema. "Mie nimepita nikiwa mgongoni, nikapita nikiwa nimebeba mwenzangu mgongoni."

Tukaenda. Mtu aliyekulia uchochoroni, ambako ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, hawezi kusahau siku ya kwanza aliyoingia kwenye msitu wa Pugu. Kulikuwa na baridi ya jikoni kusikopikwa. Mizizi ilikatiza njia kama ngazi. Rehema aliogopa kusema kwa sauti, akawa ananong'ona, na sisi tukanong'ona naye, bila kujua tunamficha nani. Kule juu tukasimama kwenye mgongo wa kilima na kuuona mji umelala chini ya moshi wake, na ndege, zile zile zilizotupigia bati, zikiondoka ndogo kama panzi. Hamisi alitafuta nyumba yetu kwa kidole kwa muda mrefu, akaamua kwamba ameiona.

Bondeni hatukumwona Babu. Tuliona nyayo. Nyayo mbili nyeupe za mtu aliyesimama juu kabisa ya mnazi, na sauti ikiimba kwa pua.

"Babu, shikamoo!" nikaita.

"Marahaba! Nani huko chini? Mie naona vichwa vitatu tu, kama nazi zilizodondoka."

"Watoto wa Zaituni!"

Uimbaji ukakatika. "Zaituni kazaa wakubwa hivyo, na mie sikuitwa kwenye uzazi?"

"Wa kufikia, Babu!"

"Ah! Basi mmefika." Akashuka kwa zile ngazi alizochonga kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, chupa mbili zikining'inia. Alikuwa mfupi, mwenye vifundo vya miguu vigumu kama magome. Akatutazama mmoja mmoja. "Mfungwa wangu anaendeleaje?"

"Anatembea chumbani," Hamisi akasema.

"Hata tumboni mwa mama yake alikuwa akitembea yule. Mama yake hakulala." Akamimina kidogo katika kikombe cha bati. "Onjeni. Limetoka mtini sasa hivi, bado ni la watoto. Kesho litakuwa la watu wazima, keshokutwa la wapumbavu."

Lilikuwa tamu kama maji ya dafu yaliyotiwa sukari, na povu lake lilichoma ulimi kidogo. Hamisi akaomba tena. "Wee!" Babu akamwambia. "Mgema hanywi mtini, wala hamnyweshi mpanda treni."

Tuliporudi jioni Mama Mdogo alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, amefumba macho. "Anzeni stesheni," alisema. "Msiruke kitu."

Tukaanza. Tukiruka alijua. "Mkafika kwenye jiwe la pembeni. Mlipita kulia au kushoto?"

"Kushoto," akasema Hamisi.

"Kushoto kuna tope."

"Ndiyo, nimechafuka."

Akafumbua macho, akaivuta miguu ya Hamisi kwake. Udongo mweupe ulikuwa umemkaukia hadi kwenye vifundo. Akaumega kwa kucha, akaunusa. Mimi nilikuwa nikimtazama chini, kwenye shuka. Vidole vya miguu yake vilikuwa vinacheza, kimoja baada ya kingine, polepole, kama vinavyofanya vya mtu anayepanda mlima.

Kuanzia hapo kila Jumamosi tulikwenda kumtembelea njia zake. Alitupa njia mpya kila mara: ya kupitia pangoni kwenye popo, ya kupitia mikorosho, ya kuzunguka mji wa Kisarawe kwa nyuma na kutokea sokoni kwao. Na kila tuliporudi aliuliza zaidi. Njia ya mkato imeota majani? Tukichelewa kwa Babu treni ya jioni tunaipata? Yule mwenye shamba la mihogo bado anafukuza watu?

Hapo moyo wangu ukaingiwa na neno. Nikasema: huyu anapima njia. Anataka kujua kama ni nyeupe, ili siku ya kutoka eda akimbie bila kugeuka nyuma. Sisi ndio tunaomfagilia.

Nikaanza kuiharibu njia kwa mdomo. "Siku hizi kubaya," nikamwambia. "Nyani wamekuwa wengi, wakubwa, wanakamata watu. Na daraja la mti limechukuliwa na maji."

"Dada muongo!" Hamisi akadakia. "Nyani wenyewe wawili, na mmoja alitukimbia sie. Daraja tumelipita!"

Mama Mdogo alinigeukia. "Nyani wangapi, mkubwa wangu?"

"Wawili," nikasema, na machozi yakanijaa kwa hasira.

Jumamosi moja tulikutana na familia kwenye mgongo wa kilima. Baba, mama na watoto wawili, wamevaa kofia zinazofanana na viatu vyenye meno, kila mmoja na chupa yake ya maji. Siku hizi watu hao ni wengi kule, lakini wakati ule tuliwashangaa. Tulidhani wamepotea. Yule mama alikuwa ameketi kwenye gogo, amevua kiatu kimoja.

"Uliniambia matembezi ya kifamilia," alikuwa akimwambia mumewe. "Hii familia gani, ya mbuzi?"

"Bado kidogo tu, mama."

"Bado kidogo hiyo ulinioa nayo."

Yule baba akatugeukia kutafuta pa kukimbilia. "Watoto, na nyie mnapanda kujifurahisha?"

"Tumetumwa," nikasema.

"Mmetumwa nini?"

"Kutembea."

Wakacheka wote, hata yule mama. "Ametutuma mama yetu," akaeleza Rehema kwa ukali. "Yeye amekaa eda, hatoki. Tunamtembelea sie." Kicheko kikafa. Yule mama akavaa kiatu chake, akanyanyuka, akampa Rehema embe. Tukiwa tunashuka nikawasikia watoto wao wanauliza eda ni nini, na wazazi wao wanashindwa kupata pa kuanzia.

Wiki zikapita. Bi Kidawa, jirani yetu aliyekuwa akija kukaa na Mama Mdogo mchana, alikuwa na ndimi mbili, ya kuombea watu na ya kuwateta. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele uani, akawa anamzungumzia mjane wa mtaa wa pili. "Kaonekana gengeni, ananunua nyanya kwa mikono yake! Eda imevunjika ile. Aanze moja!"

Nikaacha kuchambua. Aanze moja! Kumbe komeo linaweza kufungwa upya. Mama Mdogo akikanyaga nje mara moja tu, bila dharura, siku zote zinarudi mwanzo, na sisi tunapata miezi mingine mizima ya kuwa pamoja. Na baada ya hiyo ningemtoa tena. Ningeweza kumtoa na kumrudisha mpaka Rehema akue.

Sikuwa mtoto mjinga, ila akili yangu ilikuwa ya kutegea njiwa, kwani ndiyo niliyoijua. Njiwa humwekei nafaka mtegoni peke yake. Unamwagia punje tangu mbali. Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka Kisarawe na mfuko. Jumapili alasiri, wadogo zangu wakiwa madrasa na Bi Kidawa akiwa kwake, nikaweka donge la udongo mweupe kizingitini mwa chumba. Ukumbini nikaweka bibo jekundu na korosho yake ikining'inia. Hatua chache mbele, jani la mnazi alilolisuka Babu. Na nje, barazani, mbele kidogo tu ya mlango wa mbele nilioufungua wazi, nikaweka chupa ya tembo la jana yake, kizibo nimekilegeza ili harufu itoke. Nikajificha nyuma ya kabati la ukumbini.

Alitoka. Niliiona miguu yake ikisimama penye donge. Akaliokota, akalinusa. Akaliona bibo, akalifuata. Akaliokota jani, akaligeuza, na nikasikia pumzi yake, kwa sababu alimjua aliyelisuka. Kisha akafika mlangoni. Jua la nje lilikuwa likimpiga miguuni. Chupa ilikuwa karibu kiasi kwamba angeinama na kunyoosha mkono tu. Lakini niliipima vizuri, angelazimika kuvusha mguu mmoja. Upepo ukaleta ile harufu ndani, nami nikaomba dua niliyoijua, ya kuombea chakula.

"Mkubwa wangu," akasema bila kugeuka. "Nani kakufundisha kutega?"

Nikatoka nyuma ya kabati. "Vuka tu," nikamwambia. "Mguu mmoja. Hakuna anayeona."

"Nikivuka?"

"Eda inaanza upya. Bi Kidawa kasema."

Akakaa chini pale pale, ndani ya kizingiti, jani mapajani. Hakucheka, na hilo nimemshukuru mpaka leo. "Bi Kidawa anapenda kuwaanzishia wenzake," alisema. "Siku hazianzi upya, mwanangu. Nikivuka nitakuwa nimekosea, nitaomba msamaha, na siku zitaendelea. Nikikaa, zitaendelea vile vile. Siku zina miguu yake. Ingekuwa zinarudi, si ningekwisha kuzirudisha hadi baba yenu yu mzima?"

"Ukitoka utatuacha."

"Nitaondoka. Si kwa kupenda, lakini nitaondoka. Siwezi kukudanganya. Nyie si wangu kwa damu, na nyumba si yangu."

"Ndiyo maana unapima njia."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Kisha akanyanyuka, akaenda na vitu vyake chumbani, jani, bibo na donge. "Ingiza chupa ndani, tembo litazidi kuchacha juani," alisema. Na alipofika kwenye pazia akaongeza, "Jumamosi nendeni tena. Safari hii Rehema atangulie mbele. Msimwambie kitu. Akikosea njia, mwacheni akosee."

Sikuelewa, lakini nilifanya. Rehema akatangulia, fimbo mkononi, akatukosesha njia kwenye mikorosho na kutuzungusha kwa nusu ya asubuhi. Jumamosi iliyofuata alikosea kidogo. Iliyofuata hakukosea.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha Mama Mdogo alfajiri, wakamvika kanga mpya. Alionekana mwembamba, kama aliyetoka safari na si ndani. Baba Mkubwa alikuwa ameshafika, ameketi barazani. Mkoba mmoja ulikuwa tayari. Watu walidhani atalia, akatukumbatia bila kulia, kisha akachuchumaa mbele ya Rehema.

"Rehema, ukishuka stesheni?"

"Nyuma, kwenye mihogo."

"Kisha?"

"Udongo mweupe, naangalia miguu."

"Kwenye jiwe?"

"Kulia. Kushoto kuna tope."

Akamsikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye nyayo za Babu. Wanawake walifikiri ni mchezo wa kumpumbaza mtoto. Baba Mkubwa alitazama saa. Mama Mdogo akasimama, akaniangalia mimi, mkubwa, juu ya kichwa cha Rehema. "Njia mnaijua," alisema.

Akaondoka kwa miguu. Mimi nilisimama barazani, pale nilipokuwa nimeweka chupa, na ndipo nikaelewa kwamba miezi yote ile hakuwa akipima njia yake.

Tukagawanywa. Hamisi na Rehema wakaenda kwa Shangazi, Temeke, mwanamke mpole mwenye watoto wengi. Mimi nilibaki. Baba Mkubwa alihamia na familia yake katika nyumba yetu, akatoboa ukuta wa mbele, na chumba cha Mama Mdogo kikawa duka. Kwa mbele kuliwekwa wavu wa chuma wenye tundu dogo la kupitishia bidhaa. Nyuma ya wavu nikawekwa mimi. Asubuhi hadi isha, chumvi, kiberiti, mafuta ya kupima. "Utarudi shule mambo yakikaa sawa," nilikuwa nikiambiwa, na mambo hayakukaa. Nilijifunza mtaa kwa viganja vya mikono, maana kwenye tundu lile ndivyo nilivyoviona zaidi. Wasichana niliosoma nao walipita na vitabu, wakanisalimu, kisha wakawa wananiagiza tu. Usiku sikuwa nimezoea kulala mgongo wangu ukiwa baridi.

Jumamosi ndizo zilizoniuma. Nilimwomba Baba Mkubwa ruhusa ya siku moja, akasema duka halina eda wala likizo. Nilifikiria kutoroka. Lakini ningetoroka, Shangazi angeulizwa, na wadogo zangu wangefungiwa na wao. Basi siku Hamisi alipopita kuniona nilimwambia kupitia tunduni, taratibu, "Msinisubiri mie. Jumamosi mchukue Rehema mwende."

"Bila wewe?"

"Rehema atangulie."

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kupita zote nilizowahi kukaa. Treni ya asubuhi ilipopiga honi nilikuwa nikipima sukari, nikajua wamo ndani yake. Adhuhuri nikajua wako kwenye mgongo wa kilima, Hamisi anatafuta nyumba kwa kidole, na huenda safari hii ananiona. Jioni nikakaza macho barabarani mpaka wateja wakaniuliza namdai nani.

Walikuja jua likizama. Rehema alikuwa mweupe hadi magotini. Alining'inia kwenye wavu kwa vidole vyote.

"Tumemkuta!" alisema. "Alikuwa amesimama njiani. Kila Jumamosi anasimama. Alisema, 'Mmechelewa.' Halafu akasema, 'Na mkubwa wangu yuko wapi?'"

"Mkamwambiaje?"

"Tukamwambia umekaa eda ya duka," Hamisi akasema.

"Akasema nini?"

"Akaingia jikoni, akapika." Akapitisha tunduni kifurushi cha karatasi. Kilikuwa bado na uvuguvugu, na harufu ikajaa chumba kile, chumba chake, ikafunika mafuta ya taa na sabuni.

Baba Mkubwa akatokea kutoka ndani, kanzu nyeupe, pua mbele. "Vitumbua hivyo?" Hakungoja jibu. Akachukua kimoja, akala amesimama, akachukua cha pili. Tulimtazama sote watatu, ndani na nje ya wavu, mpaka alipofika kwenye vidole. Alipoanza kuvilamba, Rehema akainama ghafla kama anayetafuta kitu chini.

"Vizuri," Baba Mkubwa akasema. "Mwambieni Shangazi yenu mkono wake umepata." Akarudi ndani.

Nikavuta ndoo, nikaikalia, nikaegemea ukuta ule ule. Nikafumba macho.

"Anza stesheni," nikamwambia Rehema. "Usiruke kitu."

Walinitembelea hivyo kwa miaka. Hawakupotea wao kwa wao, wala kwangu, wala kwa Mama Mdogo, ingawa mimi mwenyewe nilikuja kuikanyaga tena njia ile nikiwa mke wa mtu. Watu huniambia nilikosa mengi, shule kwanza, na ni kweli, sibishi.

Kitumbua kimepoa kabisa mkononi. Rehema amemaliza vyombo, amerudi, anajifuta mikono kwenye kanga. Ni mwanamke mzima sasa, ana hatua ndefu alizozipata si kwa damu. Ameketi chini karibu na mlango, na nimeona kingo za viatu vyake alivyovivua ni nyeupe.

"Mama Mdogo anakusalimu," alisema. "Kapika mwenyewe, kaninyima hata kukoroga."

Nikangoja. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwomba, maana mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hazoei kuomba. Hakunisubiri. Akakunja miguu, akaegemeza kichwa ukutani.

"Basi nikashuka stesheni," akaanza.

Nikafumba macho, na chini ya shuka miguu yangu ikaanza kwenda.